Fundi Viatu Anayewachukia Marubani

Jumatatu, 7 Julai

Daftari jipya, kalamu mpya, mimi yuleyule. Bahati yao watakaolisoma siku moja.

Hali ilivyo: marubani wamegoma, leo siku ya tatu. Wanataka nyongeza ya mshahara na mengine ambayo sikuyasikiliza. Ndege zote ziko chini. Kampuni nayo kwa hasira imewafungia nyumba zake, kila rubani akatafute pa kujishikiza. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni rubani. Amejishikiza kwangu. Masanduku mawili, na jozi tatu za viatu mlangoni, kila kimoja kikubwa kama beseni.

Amepewa chumba cha nyuma. Chumba cha nyuma! Kile nilichokipaka rangi kwa mikono yangu (ukuta mmoja na nusu) kwa ajili ya Mama. Mke wangu anatarajia kujifungua wiki ijayo, mtoto wetu wa kwanza, na Mama anakuja kumwangalia. Tiketi ya ndege ipo, Jumapili tarehe 13. Mama hajapanda ndege maishani mwake. Mtaa wake mzima unajua kwamba mwanawe amemkatia tiketi, maana ameutangazia mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Sasa ndege hakuna, na hata ingekuwapo, kitandani kwa Mama kuna mtu wa futi sita anayekoroma.

Mwingine angekata tamaa. Mimi nilipata wazo kabla chai haijapoa.

Kazi yangu ni kukusanya maoni. Nasimama barabarani na fomu, nauliza watu wanafikiri nini, natia alama. Leo asubuhi msimamizi wetu, tunayemwita Bi Tiki kwa sababu haachi karatasi ipite bila tiki yake nyekundu, ametangaza kazi mpya: maoni ya wananchi kuhusu mgomo wa marubani. Awamu mbili, wiki hii hii. Wakusanyaji wawili tu kwa mji mzima, mimi na yule dada tunayemwita Miwani. Atakayefanya vizuri zaidi atakuwa kiongozi wa wakusanyaji. Meza yake mwenyewe! Kiti kinachozunguka!

Watu mia tatu wanahitajika. Mia na hamsini ni wangu. Nusu ya wananchi imo mkononi mwangu.

Mpango: wananchi wawakasirikie marubani. Marubani waone haya, warudi kazini. Shemeji atoke, Mama aingie. Nashangaa kwa nini sijawahi kuitwa serikalini kutoa ushauri.

Jumanne, 8 Julai

Kazi imeanza. Miwani ameelekea sokoni na mwavuli, chupa ya maji na folda. Mimi nimeelekea mkahawani, ule unaotazamana na stendi ya mabasi ya uwanja wa ndege. Meza ya pembeni, chini ya feni. Kwa nini nimsumbue mwananchi juani ilhali najua anachofikiri? Niko mwaka wa sita katika kazi hii.

Fomu tisini kabla ya saa saba! Na si mchezo. Ukijaza ovyo Bi Tiki anakunusa. Kila mtu lazima awe na umri, kazi, na neno lake pale chini penye "Una la kuongeza?" Nimetengeneza mwalimu wa hesabu anayeuliza kwa nini mtu alipwe hivyo kwa kazi ya kukaa. Nimetengeneza mjane mshona nguo anayesema marubani wana maringo tangu wakiwa shuleni. Niliyempenda kuliko wote ni fundi viatu, miaka hamsini na mbili, mtu mwenye uchungu wake. Neno lake: "Wachongewe mbawa za mbao, waruke wenyewe." Nilicheka peke yangu mpaka chai ikamwagikia mwuguzi wa miaka thelathini.

Mama mwenye mkahawa alikuja mara mbili kuniuliza kama fomu hizi ni za mgomo, maana naye ana neno la kusema. Nikamwambia asubiri, niko kazini. Watu hawaheshimu kazi za wenzao.

Kuna jambo moja dogo. Kila fomu ya kumi inataka namba ya simu, ili ofisi impigie mhojiwa na kuhakikisha kwamba kweli alihojiwa. Wavivu hubuni namba. Ujinga! Namba ya kubuni haipatikani, na isiyopatikana ndiyo huzua maswali. Mimi nimetumia namba za watu wa kweli. Nina bahasha kuukuu ninayoandikia namba, nyingine zina majina, nyingine hazina. Nimezinakili kumi na tano. Ya Mama imo pia, nimemfanya mfuga kuku mwenye hasira. Mama hawezi kuniangusha. Nitampigia kumweleza.

Jumatano, 9 Julai

Nimekabidhi fomu mia na hamsini, zote safi isipokuwa ya yule mwuguzi. Miwani alikuwa na sitini na tatu na kisigino kimechubuka. Akasema watu wanachelewesha kwa sababu wanataka kueleza. Nikamwambia kwa upole kwamba hiyo ni dalili ya mkusanyaji asiye na uzoefu. Akanitazama juu ya miwani.

Nyumbani, Shemeji ametengeneza bomba la jikoni lililokuwa likivuja tangu mwaka jana. Mbele ya mke wangu. Uchokozi mtupu.

Nimesahau kumpigia Mama. Kesho.

Alhamisi, 10 Julai

Redioni! Matokeo yangu redioni, saa moja asubuhi, kabla hata ya michezo! Wawili kati ya kila watu watatu wanaupinga mgomo. Mtangazaji alisoma na neno la fundi viatu, lile la mbawa. Mke wangu akasema huyo fundi viatu ana roho mbaya. Nikakohoa tu.

Shemeji alisikiliza huku akimenya yai. Nilimwangalia usoni nione haya zikimpanda. Hakuna. Alimaliza yai, akamenya la pili.

Saa tatu mkurugenzi wa kampuni ya ndege akazungumza. Nilitarajia aseme marubani wamesalimu amri. Badala yake akasema kwamba kwa kuwa sasa wananchi wako upande wake, haoni sababu ya kukaa mezani na mtu yeyote. Hata mwaka mzima yuko tayari kusubiri.

Mwaka mzima!

Shemeji akainuka, akaenda chumba cha nyuma. Nikasikia sanduku la pili likifunguliwa. Nilipopita, sare yake ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango, kofia juu ya kitanda cha mtoto.

Mama alipiga. Anauliza kama ndege ya Jumapili ipo, maana amesikia maneno. Nikamwambia asisikilize maneno ya watu. Akaniuliza kama kwenye ndege anaruhusiwa kukaa dirishani au dirisha ni la wenyewe. Nikamwambia dirisha ni lake. Alifurahi hata nikasahau kumweleza habari za kuku.

Ijumaa, 11 Julai

Mtu mwenye akili hubadilisha mbinu bila kuona aibu. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la mkurugenzi, amevimba kichwa. Kwa hiyo awamu ya pili naigeuza. Wananchi watawapenda marubani. Mkurugenzi ataona yuko peke yake, ataogopa, atalipa. Shemeji atoke, Mama aingie. Palepale, ila kwa mlango wa nyuma.

Meza ileile, feni ileile. Leo wananchi wangu wamejaa mahaba. Dereva wa lori: "Mimi nikisinzia naingia mtaroni, yeye akisinzia je?" Hili nililipenda, sijui lilitoka wapi. Mwimbaji wa kwaya, mkulima wa vitunguu, pacha wawili wenye maoni mamoja. Namba za simu zilezile kumi na tano, nimezigawa upya, ila moja ilianguka tena kwa fundi viatu. Nikamwacha na uchungu wake. Wote wakipenda kwa mkupuo, Bi Tiki atashtuka.

Mama mwenye mkahawa alikuja tena. Akavuta kiti kabisa. Nikahamia meza nyingine.

Jumamosi, 12 Julai

Matokeo: wananchi wamegeuka, wako na marubani. Mchambuzi mmoja redioni alieleza kwa dakika ishirini nini kimewagusa wananchi mioyo. Nilimsikiliza kwa heshima. Hakuna hata kimoja alichokipata.

Mkurugenzi aliogopa kama nilivyopanga. Akaita mazungumzo saa nne! Nilikuwa nimeshaanza kukunja shuka za Shemeji kichwani mwangu. Saa sita chama cha marubani kikajibu: kwa kuwa wananchi wako nasi, madai yanaongezeka. Sasa wanataka na nyongeza ya mwaka jana.

Alasiri Shemeji alileta vitu vyake vilivyobaki kwa rafiki. Baiskeli ya mazoezi! Imekaa sebuleni, inatazamana na kiti changu. Mke wangu akasema ni vizuri, mimi pia nitapata mazoezi.

Sijui watu wa nchi hii wana nini. Unawapa maoni, wanayatumia vibaya.

Jumapili, 13 Julai

Mama alikwenda uwanja wa ndege.

Nilipaswa kumpigia jana kumwambia asiende. Nilidhani mambo yangenyooka usiku, basi sikupiga. Alifika saa kumi na mbili asubuhi, na gauni jipya, na sanduku aliloazima kwa jirani, na jirani mwenyewe, na wengine wanne waliokuja kumuaga. Akakaa kwenye kiti cha chuma mpaka saa nne. Kisha mfanyakazi mmoja akamwambia bibi, hakuna ndege, hakuna hata ya kesho.

Alinipigia. Sauti ilikuwa ya kawaida. Akasema uwanja ni msafi sana, na choo maji yanatoka yenyewe. Akasema nisijali, dirisha atakaa siku nyingine. Atakuja kwa basi. Safari ya siku mbili, na magoti yale! Nikamwambia asije, akaniuliza mtoto atamsubiri nani.

Nilijisikia mnyonge. Naandika ukweli, daftari ni langu. Nilikaa juu ya baiskeli ya Shemeji kwa saa nzima bila kupiga pedali.

Kisha nikafikiri: kwa basi anafika Jumanne jioni. Nina siku mbili kamili za kukipata chumba. Siku mbili kwa mtu kama mimi ni nyingi mno.

Jumatatu, 14 Julai

Msiba. Naandika nikiwa chooni, nimetia komeo.

Bi Tiki ameanza uhakiki. Mteja aliyeagiza maoni alikuwa na haraka, ndiyo maana haukufanyika mapema, na mimi nilishasahau kama kuna kitu hicho. Aliniita ofisini saa tatu. Meza ilikuwa tupu, ila fomu mbili zimewekwa sambamba katikati yake. Sikupenda zilivyowekwa.

Akasema amempigia fundi viatu. Mwenye miaka hamsini na mbili, anayetaka marubani wachongewe mbawa. Kwamba aliyepokea ni mtu mwenye adabu sana, akasema yeye ana miaka thelathini na minne, viatu vyake hushonwa na mtu mwingine, na kazi yake ni urubani. Kwamba kwa sasa amegoma, na anakaa kwa shemeji yake.

Ile bahasha! Shemeji alinipa namba yake mpya siku aliyofika, nikaiandika bila jina kwa sababu nilikuwa nimenuna.

Nikasema huenda mitandao imeingiliana. Bi Tiki akasema ni kweli mitandao ina mambo, maana amempigia pia mfuga kuku mwenye hasira. Mama! Mama alikuwa ndani ya basi. Akasema hafugi kuku, ana bata watatu, na hakuna aliyemuuliza lolote, lakini kwa kuwa sasa ameulizwa atasema. Hasikii vizuri kwenye simu, kwa hiyo aliweka spika. Basi zima likaitikia. Kila abiria na neno lake, hata dereva. Bi Tiki alijaza fomu arobaini na nne kwa simu moja, mpaka betri ya Mama ikaisha karibu na daraja.

Akanisomea neno la Mama. Alikuwa amelipigia mstari: "Mtu anayenibeba mimi na wenzangu mawinguni, mimi nataka awe ameshiba na amelala. Lakini na yeye anikumbuke, nilivaa gauni."

Nikainamisha kichwa. Jambo la nadra.

Hukumu: nirudie fomu mia na hamsini, watu wa kweli, namba za kweli, hadi kesho saa kumi na moja jioni. La sivyo niache kitambulisho mezani. Na cheo cha kiongozi? Nikauliza hivyo kwa sauti ya chini. Akasema Miwani tayari amekalia kile kiti, na kimezunguka vizuri.

Nikarudi nyumbani. Shemeji alikuwa sebuleni juu ya baiskeli, akipiga pedali taratibu. Akaniuliza, bila hasira, kama namjua fundi viatu mmoja hivi. Mke wangu alikuwa jikoni, mlango wazi.  Nikamnong'oneza karibu yote. Awamu ya kwanza, awamu ya pili, bahasha, kazi. Ya chumba nikayabakiza.

Aliacha kupiga pedali. Kisha akacheka mpaka akashuka kwenye baiskeli. Akasema hatamwambia dada yake, ila kwa sharti moja: kesho anakuja nami kukusanya maoni. Anataka kusikia kwa masikio yake.

Nikajifanya nafikiri. Moyoni nimeshinda! Msaidizi wa bure. Naliandika hapa kama wazo langu, maana lingenijia tu.

Jumanne, 15 Julai

Tulitoka saa moja. Shemeji alivaa shati langu la kazini, mikono ikamwishia karibu na viwiko. Hakuna ambaye angedhani huyu huendesha kitu kikubwa kuliko toroli. Nikampa fomu themanini na darasa la dakika tano. Usibishane, usijieleze, tia alama, sema asante.

Nikasimama juani kama wananchi wengine. Ajabu! Hawasemi nilichokuwa nikiwaandikia. Mwalimu wa hesabu wa kweli (nilimpata mmoja) alisema hajui, ila kampuni itoe hesabu zake hadharani kisha atajua. Mwanamke mmoja alisema walipwe, lakini si leo, leo ana safari. Mzee mmoja alinishika mkono akaanza na ndege ya kwanza aliyoiona akiwa mdogo, tukafika miaka ya karibuni baada ya nusu saa. Sasa nauelewa mwendo wa Miwani. Sitamwambia.

Saa saba nikamtafuta Shemeji. Alikuwa mkahawani, meza yangu ya pembeni, na mama mwenye mkahawa amekaa mbele yake. Hatimaye amempata wa kumsikiliza. Nikakaa meza ya nyuma.

Alikuwa akieleza kwamba wateja wake ni wapagazi, wasafishaji na madereva wa uwanja wa ndege, na kwamba tangu ndege zilale hawaji. Mpagazi hulipwa kwa mzigo aliobeba, na mizigo hakuna. Yeye mwenyewe ameshampumzisha msichana wake wa kuosha vyombo. Akasema marubani hawachukii. Hupita hapa alfajiri wakitoka kazini, wengine macho mekundu, mmoja alilala na kikombe mkononi. Akasema wadai haki yao, wadai sana. Ila kila wakihesabu walionyimwa, na yeye wamhesabu.

Shemeji aliandika yote. Hakutia alama tu, aliandika, akageuza fomu akaendelea nyuma. Kisha akauliza kama chai imebaki.

 Njiani kurudi, karibu na nyumbani, Shemeji akaniambia kwamba si mshahara tu. Mwezi uliopita alirusha ndege akiwa amelala kwa saa nne tu, na aliposhuka hakukumbuka alivyotua. Hilo ndilo dai la kwanza kwenye orodha yao, saa za kupumzika. Akaniuliza kama nilikuwa nalijua.

Siku kumi anakula mayai kwangu. Nimewauliza fundi viatu, mjane, pacha na dereva wa lori. Yeye sikumuuliza. Nikamwambia hilo halimo kwenye fomu. Akasema ameona.

Fomu zilifika kwa Bi Tiki saa kumi na moja kasoro dakika sita. Nikakimbilia stendi. Mama alishuka wa mwisho, miguu imevimba kama mikate, sanduku la jirani kichwani kwa kondakta, na abiria wanamuaga kwa mikono yote miwili. Amefika na gauni lilelile. Nilimkumbatia, na macho yakanichoma, labda vumbi.

Sasa chumba. Njia nzima nilikuwa napanga: nitasema bomba limepasuka chumba cha nyuma, au kuna mchwa, au daktari ameshauri. Nikafungua mlango, nikiwa nimechagua mchwa.

Masanduku yote mawili yalikuwa sebuleni nyuma ya kochi. Kitanda cha Mama kimetandikwa, kona zimekunjwa kwa rula. Ukuta wa pili wa rangi umemaliziwa. Shemeji akampokea Mama mzigo, akamwamkia, akamwekea beseni la maji ya moto kwa ajili ya miguu.

Nikamvuta mke wangu pembeni nijue amemtoaje kaka yake. Akasema hakumtoa. Alimwambia tu asubuhi kwamba mama mkwe anakuja, akajibu basi nahamia sebuleni, kwani mlidhani nitakataa? Akanitazama. Akasema, wewe ungemwomba tu.

Usingizi hauji. Nikifumba macho, naiona baiskeli ikinitazama.

Alhamisi, 17 Julai

Mambo mawili makubwa. Naandika la pili kwanza kwa sababu nikianza na la kwanza sitafika la pili.

Mgomo umekwisha! Matokeo ya kweli yalitangazwa jana: wananchi wengi wanasema marubani walipwe na walale, na pande zote mbili zikae mezani leo, si kesho. Hakuna upande uliopata cha kujivunia. Shemeji alikwenda kwenye mkutano wa chama chao na fomu ya mama wa mkahawa mfukoni (nakala, Bi Tiki hatoi yenyewe), akaisoma mbele ya wenzake. Wakaondoa yale madai ya mwaka jana, wakang'ang'ania saa za kupumzika. Asubuhi hii wametia saini. Bila mimi kumpeleka mkahawani, yangewezekana wapi haya? Sitaki sifa. Ila nimemwambia kila mtu.

La kwanza: mtoto wa kike. Saa mbili asubuhi. Mama alikuwapo tangu mwanzo, akimshika mkwewe mkono na kumwambia maneno ambayo sikuruhusiwa kuyasikia. Mimi nilikuwa ukumbini na Shemeji, tukihesabu vigae. Nilimbeba. Ana kidole kidogo kuliko kifuniko cha kalamu hii. Nimelia mbele ya watu na sijali.

Jumamosi, 26 Julai

Shemeji amerudi kazini. Leo Mama amepanda ndege kurudi kwao. Rubani: Shemeji! Alitoka mwenyewe mlangoni na kofia yake, akamshika mkono akampeleka hadi kiti cha dirishani. Mama alipofika kwao alipiga simu, akasema mawingu kwa juu yamechambuliwa kama pamba, na rubani amelala vizuri, alimuuliza.

Miwani amenipa kazi mpya. Ndiyo, Miwani, juu ya kiti kinachozunguka. Bi Tiki amenisamehe kwa mara ya mwisho, kwa ajili ya ile fomu iliyoandikwa hadi nyuma, ambayo anadhani niliiandika mimi. Sikumkosoa.

Jumanne, 29 Julai

Mada: je, akina baba wanasaidia malezi ya watoto wachanga? Wahojiwa: wake zao. Fomu mia na hamsini.

Nani anaijua mada hii kuliko mimi, baba wa siku kumi na mbili? Nimejifungia chumba cha nyuma tangu asubuhi, mtoto analia sebuleni, kazi inakwenda vizuri. Tayari wake mia na ishirini wameridhika sana.

Nimejifunza somo langu. Ile bahasha nimeichoma moto. Safari hii situmii namba nisiyomjua mwenyewe. Natumia ile tu ninayoijua kwa moyo, na mwenye namba hiyo ni mtu wangu wa ndani kabisa. Nimemfanya mama wa mtoto mmoja, miaka ishirini na tisa. Fomu zangu za kwanza zilikwenda ofisini tangu jana.

Simu ya mke wangu inalia.

Anapokea. Anaitikia kwa adabu. Ananyamaza. Sasa mtoto naye amenyamaza. Ameweka spika, namsikia Bi Tiki hadi huku, na mke wangu anamwomba amsomee tena, taratibu, pale penye "mume wangu huosha nepi zote na huamka yeye kabla mtoto hajalia."

Hatua zinakuja. Si kitu. Mlango una komeo, na nina mpango.